Barua imerudishwa kwa sababu "vyeo havijakamilika". Watumishi wa Mungu tuwaiteje?

KatibuIpagala:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wengine wote habari za jioni.

Mimi ni mama, naishi hapa Dodoma mjini, na ni katibu wa kanisa. Dhehebu silitaji wala mtu simtaji, maana sikuja kumchafua yeyote. Nimekuja kutafuta msaada wa Neno na wa uzoefu wenu. Kazi yangu ni ya makaratasi: barua, matangazo ya Jumapili, ratiba za ibada, kadi za michango. Kwa hiyo hili suala la vyeo vya watumishi silisikii kwa watu, linapita mikononi mwangu kila wiki.

Tunaandaa harambee ya kuezeka kanisa moja dogo upande wa Bahi. Kuta zimesimama, zinasubiri mbao na bati. Nikaandika barua ya kumwalika mtumishi mmoja mkubwa aje awe mgeni rasmi. Juu ya bahasha niliandika "Mchungaji", kisha jina lake na la ukoo wake. Barua ikarudi bila kufunguliwa. Pembeni ya jina pameandikwa kwa kalamu nyekundu: "Andika vyeo kamili." Nikapiga simu kuuliza, msaidizi wake akanitajia kimoja kimoja na mimi naandika: Mheshimiwa, Baba, Mchungaji Kiongozi, Dkt. Akanisisitiza kwamba vifuatane hivyohivyo, na mshereheshaji avisome vyote kila atakapomtaja mgeni. Huo udaktari ni wa heshima, si wa kusomea. Nikatoa bahasha nyingine, nikaandika walivyotaka, nikapeleka.

Ningeyaacha hayo yapite kama si msiba wa mwinjilisti mmoja kule upande wa Mvumi. Wa kule watamkumbuka hata nisipomtaja. Mzee huyu alifungua makanisa ya vijijini kwa baiskeli, kipindi ambacho mchungaji alikuwa anafika mara moja moja tu kuleta Meza ya Bwana. Alifundisha watu kusoma Biblia chini ya mbuyu, alizika, alipatanisha ndugu waliogombea mashamba, alikaa na wagonjwa usiku. Mshahara hakuwa nao. Aliishi kwa uwele wake na mbuzi wachache.

Siku ya kumzika viongozi walikuja wengi, na tunawashukuru kwa kuja. Tulikuwa chini ya turubai, upepo wa kwetu mnaujua, vumbi linaingia mpaka kwenye masufuria ya akina mama. Mshereheshaji alianza kutambulisha. Kila kiongozi na vyeo vyake, kila mmoja asimame, apungie watu, akae. Akimaliza anakumbuka aliyemsahau, anaomba radhi, anaanza tena juu, "itifaki imezingatiwa". Alipofuata msemaji mwingine naye akarudia orodha ileile kabla hajasema neno lake. Ikafika zamu ya wasifu wa marehemu, tukaambiwa muda umekwenda, msomaji afupishe. Kijana aliyeandika wasifu ule kwa mkono, kurasa kadhaa za daftari, alisoma alizaliwa wapi, alioa lini, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Akaketi.

Mjane alikuwa kwenye mkeka karibu yangu. Akaninong'oneza, "Mbona hawajasema kazi yake?"

Nikaiangalia ile ratiba iliyochapwa. Vyeo vya wageni viko kwa herufi nzito. Marehemu ameandikwa "Mzee" na jina. Neno Mwinjilisti halimo popote kwenye karatasi.

Tangu siku hiyo nasoma Mathayo 23 mara kwa mara. "Bali ninyi msiitwe Rabi, maana mwalimu wenu ni mmoja, nanyi nyote ni ndugu. Wala msimwite mtu baba duniani. Maana Baba yenu ni mmoja, aliye wa mbinguni." Sisi tunaita Baba Askofu, Baba Mchungaji, na hawa wa makanisa mapya wanaita Mtume, Nabii, hata Meja Jenerali wa Yesu nimewahi kuona kwenye bango. Je, Bwana alikataza kabisa? Au alikataza kitu kingine ndani ya majina hayo? Na mimi mwenye kalamu, ambaye ndiye naandika, nifanye nini siku nikiambiwa tena niandike "vyeo kamili"?

Naomba mnijibu kwa upole lakini bila kunificha.

---

Katekista_Kigango:

Tumsifu Yesu Kristo, mama.

Pole kwa msiba. Nimesoma habari za mwinjilisti huyo nikajiona mwenyewe, kwa maana makatekista wa vigango nasi maisha yetu ni hayohayo.

Naanza na neno Baba, kwa sababu sisi Wakatoliki ndio tunaonyooshewa kidole zaidi. Kama Bwana alikataza neno lenyewe, basi amekataza pia tusimwite mzazi wetu baba, na tusimwite mtu mwalimu, maana vyote vimo katika mistari ileile. Wakristo wote wa nchi hii humwita Nyerere "Mwalimu", na sijasikia mahubiri ya kukataza. Paulo mwenyewe, katika 1 Wakorintho 4:15, anawaambia Wakorintho kwamba walimu wanaweza kuwa nao maelfu, lakini baba hawana wengi, yeye ndiye aliyewazaa kwa Injili. Hakuona dhambi kujiita baba yao, kwa sababu kweli aliwalea.

Ila mama, usiishie mstari wa 9. Anza juu kidogo. Bwana anazungumza na watu wanaopenda viti vya mbele katika karamu na masinagogi, wanaopenda kusalimiwa masokoni. Wanafunga mizigo mizito na kuiweka mabegani mwa watu, wao hawataki kuigusa hata kwa kidole. Hapo ndipo penye hukumu. Bahasha iliyorudishwa bila kufunguliwa, kwangu mimi, iko ndani ya mstari ule wa salamu za sokoni. Huyo mtumishi hakujua kilichoandikwa ndani. Ingekuwa ni barua ya mgonjwa anayeomba sakramenti?

Na usidhani kwetu jambo hili halijawahi kutusumbua. Mwishoni mwa karne ya 6, Patriaki wa Alexandria alimwandikia Papa Gregori Mkuu akimwita papa wa ulimwengu wote. Gregori akamjibu asimwite hivyo tena, kwamba heshima inayowapunguzia ndugu zake yeye haihesabu kuwa heshima. Jina alilolipenda ni mtumishi wa watumishi wa Mungu, na mapapa wanalitumia mpaka leo. Tuje karibu zaidi. Tarehe 16 Novemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ukikaribia kufungwa, maaskofu wapatao 40 walisali pamoja katika makaburi ya chini ya ardhi ya Domitilla kule Roma, wakaweka sahihi ahadi ya kuishi maisha ya kawaida. Mojawapo ya ahadi zao ni kukataa kuitwa kwa majina ya ukuu, kwa mdomo au kwa maandishi. Walisema wanapendelea kuitwa Padri. Na mwaka 2014 Papa Fransisko aliagiza kwamba mapadri wa majimbo wasipewe tena umonsinyori, yaani cheo cha heshima cha padri, kabla ya kufikisha miaka 65.

Kwenye barua rasmi tunaandika "Mhashamu" kwa askofu na "Mwadhama" kwa kardinali, siwezi kukuficha. Lakini nenda kwenye jumuiya ndogondogo jioni, bibi anayeleta mahindi yake mabichi kwa zawadi anasema "Baba Askofu", basi, na ukimwangalia usoni unaona anazungumza na baba kweli. Jina hilo sitaki aninyang'anye mtu.

---

KijanaNkuhungu:

Mama yangu, shikamoo. Mimi nimeokoka katika kanisa la Kipentekoste na nasema wazi: tuyafute yote.

Katekista ametetea vizuri, lakini angalia matunda. Mtu anaanza na kiti kimoja cha plastiki na spika, mwaka huo anaitwa Mchungaji. Mwaka wa pili Askofu. Mwaka wa tatu Mtume na Nabii, na picha yake kwenye bango ni kubwa kuliko jina la Yesu. Waumini wanafundishwa kwamba ukikosea cheo chake umegusa masihi wa Bwana na laana inakujia. Nimemwona dada mmoja analia mbele ya watu akiomba msamaha kwa kusema "Mchungaji" badala ya "Mtume". Hiyo si heshima tena, ni hofu.

Petro alipomtaja Paulo katika 2 Petro 3:15 alisema "ndugu yetu mpenzi Paulo". Anania alipomwendea Sauli kipofu, mtu aliyekuja kuwafunga, neno lake la kwanza lilikuwa "Ndugu Sauli". Kama ndugu lilitosha kwa mitume, kwetu lina upungufu gani?

---

Mwl_Mstaafu_Kongwa:

Mbukwenyi wote.

Mwanangu wa Nkuhungu, nimekuelewa, na hasira yako ina haki. Lakini mimi ni mzee, nimeyaona haya yakija na kuondoka, ngoja nieleze kidogo.

Sisi Waanglikana wa huku tumelelewa na mambo mawili yanayovutana. La kwanza ni ngazi. Wamisionari wa CMS, chama cha umisionari cha Waanglikana wa Uingereza, walifika Mpwapwa mwaka 1876, na Dayosisi ya Central Tanganyika ikaanza 1927 chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia. Ngazi zilikuja nao: shemasi, kasisi, kanoni, askofu, kila mmoja na vazi lake na mahali pake pa kukaa. La pili ni Uamsho, uliotoka Rwanda na Uganda ukatufikia. Watu wa Uamsho walitubu hadharani mbele ya wenzao na wakaitana ndugu. Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu kwao Uganda, alifika hapa Dodoma miaka ya 1940 akiwa mwalimu wa shule, na alikuwa mtu wa Uamsho. Yohana Omari naye alitoka katika Uamsho, na mwaka 1955 akawekwa wakfu kuwa askofu Mwafrika wa kwanza wa Kianglikana Tanganyika. Wazee walionilea walisema katika mikutano ile askofu alisimama kushuhudia kama mpishi wa kambi anavyosimama, na mpishi aliweza kumuuliza ndugu yake swali la moyo. Cheo kilikuwapo na undugu ulikuwapo. Kwenye meza ya Bwana alikuwa Askofu, kwenye toba alikuwa ndugu, na hakuna aliyechanganyikiwa.

Sasa hii "Mheshimiwa" imeingiaje kanisani? Mimi nasema imetoka bungeni. Zamani tulikuwa tunaitana Ndugu mpaka serikalini. Ahadi ya mwanachama wa TANU ilisema binadamu wote ni ndugu zangu, na tuliyatamka hayo tukiwa tumesimama. Siku hizi jiji letu limejaa viongozi, kila harambee ina mbunge au mkurugenzi, na mshereheshaji aliyezoea itifaki za mikutano ya serikali ndiye huyohuyo anayeshika kipaza sauti kanisani. Mgeni wa serikali anatajwa kwa Mheshimiwa, mchungaji aliyekaa pembeni yake anajiona amepungukiwa, naye anatafutiwa. Ndivyo orodha inavyorefuka.

Kwa hiyo kijana wangu, siwezi kukubali tufute yote. Mgogo hamwiti mtu mzima kwa jina lake tupu kama anaita mtoto. Utasema baba fulani, mama fulani, na ukikosa hilo umekosa malezi. Ukifuta "Mchungaji" leo, kesho watu watatafuta neno jingine, kwa sababu haja ya kumheshimu anayekuzikia wafu wako haitafutika.

Nawapa kisa cha Uingereza. Mchungaji mmoja wa Kimethodisti, Henry Keet, alifiwa na binti yake pale Owston Ferry. Akataka jiwe la kaburi liandikwe kwamba ni binti wa "Reverend" Keet. Kasisi wa Kianglikana mwenye makaburi akakataa, akasema jina hilo ni la makasisi wa kanisa lake tu. Askofu wake akamuunga mkono, na mahakama za kanisa zikamuunga mkono. Kesi ikapanda hadi Baraza la Malkia, na Januari 1876, mwaka uleule wamisionari walipofika Mpwapwa, ikaamuliwa kwamba neno hilo halina mwenyewe, jiwe liandikwe. Mimi ni Mwanglikana na kisa hicho kinaniuma. Mtoto amelala kaburini, watumishi wa Mungu wanapelekana mahakamani kwa neno moja juu ya jiwe.

Mama Katibu, wewe umesema ulichokiona msibani ni kwamba wageni walipewa vyeo na mwinjilisti hakupewa hata kimoja alichokifanyia kazi. Hapo ndipo pa kushikia. Usianze kwa kuwapunguzia wakubwa, watakuona mkaidi. Anza kwa kuandika cha yule mdogo, bila kukosa, kila mara, kwa herufi zilezile. Viwili hivyo vikikaa kwenye karatasi moja, watu wenye macho wataona.

---

MchgMwanamke:

Naomba niongeze upande ambao wenzangu hamjaugusa.

Mimi ni mchungaji niliyebarikiwa, na ni mwanamke. Katika nchi yetu wanawake walianza kuingia uchungaji katika KKKT mwanzoni mwa miaka ya 1990, na makanisa mengine yamefuata. Bado kila ninapoalikwa naitwa "Mama Mchungaji", yaani mke wa mchungaji. Mume wangu ni fundi umeme. Tumefika mahali tukapokelewa wote wawili, yeye akapelekwa meza kuu na kuombwa afungue kwa sala, mimi nikaonyeshwa walipo akina mama.

Kijana, unaposema tuitane ndugu tu, najua unalenga wale wa mabango. Ila fahamu kwamba kwa mtu ambaye wito wake unatiliwa shaka kila anaposimama, neno "Mchungaji" si mapambo. Likiondolewa, watu wanapata nafasi ya kujifanya hawajui nimekuja kufanya nini. Mwinjilisti wa Mvumi alinyimwa neno lake baada ya kufa. Mimi nanyimwa nikiwa hai, nimevaa kola.

Kwa hiyo, mama Katibu, andika kazi ya mtu. Kazi tu. Hiyo itanitosha mimi, na sioni kwa nini isimtoshe mgeni wako.

---

KijanaNkuhungu:

Mchungaji, nimekusikia, na samahani. Hilo la kola na kuonyeshwa walipo akina mama sikuwahi kulifikiria. Nabaki na msimamo wangu kwa wale wa laana, ila kwa "Mchungaji" kama jina la kazi sina neno tena.

---

KatibuIpagala:

Wapendwa, nimewasoma wote, nyingine nimemsomea mume wangu kwa sauti. Asanteni. Mzee wa Kongwa, shikamoo, na asante kwa kisa cha lile jiwe la kaburi.

Nieleze nilikofika. Katekista amenifungua kwenye Mathayo 23. Sasa naamini kwamba Bwana hakuwa anatufundisha namna ya kuandika bahasha. Alikuwa anamwangalia mtu anayeihitaji ile salamu, ambaye bila hiyo hawezi kukaa na wenzake. Mstari wa 11 unasema, "Naye aliye mkubwa wenu atakuwa mtumishi wenu." Kwa hiyo bibi anayesema Baba Askofu kwa mapenzi simgusi. Lakini karatasi ni mali ya kanisa zima, na juu ya karatasi nitasimama.

Nimeandaa pendekezo la kupeleka kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Nataka ratiba zetu zote, za ibada, harusi, misiba na harambee, ziandike jina la mtu na kazi aliyowekewa mikono au aliyokabidhiwa: Askofu, Mchungaji, Mwinjilisti, Mzee wa Kanisa, Mwalimu wa Watoto. Mchungaji mwanamke aandikwe Mchungaji. Wote kwa herufi zilezile, hakuna jina jeusi kuliko jingine. Udaktari, wa darasani au wa heshima, usiwepo kwenye ratiba ya ibada. Mheshimiwa abaki kwa mgeni wa serikali, maana huo ndio utaratibu wao na si wetu kuubadilisha. Wageni watambulishwe mara moja, na wanaofuata wasirudie. Na msibani, wasifu wa marehemu usomwe kabla ya utambulisho, ili muda ukiwa mfupi kipungue kingine.

Hilo la mwisho najua litaleta maneno. Kuna mzee mmoja ameshaniambia kwamba viongozi hawawezi kukaa wakisubiri. Nimemwambia watakuwa wanasikiliza habari za mtu wa Mungu, na hiyo si kusubiri.

Kuhusu mgeni wetu wa harambee, barua imeshamfikia na amekubali kuja. Nitampokea kwa heshima zote. Kwenye ratiba ataandikwa Mchungaji pamoja na jina lake, wazee wakipitisha. Msaidizi wake akinipigia nitamweleza mwenyewe, sitamwachia mwenyekiti abebe lawama. Na mwinjilisti wa kanisa tunaloliezeka, ambaye ndiye atakayebaki pale sisi wote tukishapanda magari, ataandikwa Mwinjilisti mstari unaofuata.

Mchungaji, nina ombi. Usharika wenu mmepangaje utambulisho siku ya ibada kubwa, mshereheshaji anasoma kwenye karatasi au anajitungia? Kwetu tatizo kubwa liko hapo, maana naandika kitu kimoja na kipaza sauti kinasema kingine. Kama una mfano wa ratiba yenu, nitumie ujumbe wa faragha. Kikao chetu ni Jumamosi saa nne asubuhi.